Matabaka saba ya nta na silanti kwa ajili ya baridi: mafundi, mnatuuzia hesabu, kinga hamtupi!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea. Kila majira ya baridi yakikaribia, theluji haijadondoka hata kidogo, yanaanza matangazo yale yale: kifurushi cha kinga ya baridi, matabaka matano, matabaka saba, nta juu ya silanti (ile dawa ya kupaka ya kukinga rangi ya gari) juu ya nta. Gari linatoka linang'aa, linapigwa picha, mteja anaondoka na furaha yake. Malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yakishapita barabarani mara chache tu, hiyo kinga huioni tena.

Langu limefanyiwa hivyo hivyo. Kituo sikitaji, wenyewe wakisoma hapa watajijua. Nililipa pesa ya maana, nikaahidiwa kwamba baridi itaisha chumvi haijagusa rangi. Nilikaa pale pale nikiangalia. Gari likaoshwa harakaharaka, likakaushwa, fundi akafungua kopo la nta akapaka boneti lote, akafuta, akapaka silanti juu yake, akafuta papo hapo, akarudia nta tena. Mlango wa karakana uko wazi, baridi inaingia, ukiongea unaona mvuke wa pumzi yako. Kabla ya mchana nimekabidhiwa funguo. Nikauliza, mbona silanti hamkuiacha ikakomaa? "Bosi, hii ya kisasa, inashika yenyewe."

Inashika wapi, wakati chini yake mmeshapaka nta?

Silanti ni polima za kiwandani. Ili ishike inatakiwa iguse vanishi yenyewe, lile tabaka angavu la juu ya rangi, safi, haina mafuta wala mabaki ya polishi. Nta ni kitu kingine kabisa. Hata ile ya karnauba inayosifiwa sana, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inachanganywa na mafuta na viyeyusho ndipo ipakike. Ukiitanguliza, silanti inakalia mafuta, na siku nta inapobanduka inaondoka na kila kilicho juu yake. Ndiyo maana silanti inatangulia, inaachwa, halafu nta inafuata ukitaka mng'ao. Huo utaratibu si siri ya mtu. Geuza chupa usome: silanti nyingi zinataka saa kadhaa bila kuguswa na maji, nyingine saa 12 hadi 24, na zinataka zipakwe mahali penye joto la nyuzi 10 na kuendelea. Fundi anayepaka huku anapuliza vidole vyake kwa baridi hajaisoma hiyo chupa, au ameisoma na hajali.

Na hii hesabu ya matabaka ndiyo inayonichefua. Vanishi ya gari huwa na unene wa mikroni 40 hivi, wakati mwingine 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Nta ukishaifuta, inayobaki haifiki hata mikroni 1. Upakaji wa pili una maana, kwa sababu unaziba sehemu ambazo mkono uliruka mara ya kwanza. Baada ya hapo ni biashara. Viyeyusho vya nta mpya vinailainisha nta ya chini, na kitambaa kikipita kinazoa vyote viwili. Ikiwa ni zile nta zenye chembe za kusafishia ndani yake, ndiyo kabisa, zinaikwangua silanti uliyoilipia dakika chache zilizopita.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi, na hayo hawayagusi kwa sababu hayapendezi kwenye picha. Gari lililotembea lina lami na chembe za chuma za breki zilizojichimbia kwenye rangi. Ingiza vidole ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, pitisha taratibu kwenye mlango uliooshwa, utasikia vijipunje ambavyo macho hayavioni. Hivyo vinaondolewa kwa dawa ya kuyeyusha chuma na ule udongo laini wa kusugulia, kisha rangi inafutwa kwa spiriti, ndipo silanti inaingia. Kwenye mlango wangu, chini kidogo ya kishikio, nimekuta nukta ya lami imebaki pale pale ilipokuwa, imepakwa nta juu na inang'aa. Nimelipia kung'arishiwa lami!

Wakikuonyesha matone ya maji yanavyoviringika, usidanganyike. Karibu kitu chochote chenye mafuta kinafanya maji yaviringike siku ya kwanza.

Lakini haya yote ningeweza kuyameza. Nisichoweza kumeza ni ushauri walioniagia nao: nisioshe gari hadi baridi iishe, eti nitaondoa matabaka. Huu ni ushauri wa kuua gari. Chumvi ya kawaida ya barabarani inapoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, kwa hiyo sehemu nyingi wanaongeza kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Hizo zinavuta unyevu kutoka hewani. Zinabaki mbichi zimeganda kwenye chuma, zinakula usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa. Na haziingilii kwenye boneti lililong'arishwa. Zinaingilia pale jiwe lilipobandua rangi, kwenye kingo za chini za milango, ndani ya madigadi, kwenye chasi, kwenye mabomba ya breki. Huko nta yenu haikufika hata kwa bahati mbaya, halafu mnamwambia mtu "gari lote limekingwa"! Chini kuna dawa yake ya kupuliziwa, na kunatakiwa kuoshwa kwa maji ya presha kila joto linapopanda juu ya sifuri. Juu, shampuu isiyo kali haiondoi silanti iliyoshika vizuri. Ikiwa yenu inaondoka kwa kuoshwa mara moja, basi haikushika.

Nimerudi kulalamika, wananiambia watanipunguzia bei niongeze tabaka lingine. Sitaki tabaka lingine. Nataka vyote vivuliwe, rangi isafishwe mpaka mkono uteleze, silanti ipakwe ndani ya chumba chenye joto na gari lilale humo humo. La sivyo warudishe pesa yangu.

Wengine mliofanyiwa haya, wekeni hapa: kilitangulia nini, kiliachwa saa ngapi, kilidumu hadi lini. Picha za siku ya kwanza msiweke, hizo tumeshaziona za kutosha. Pigeni picha kingo za milango yenu sasa hivi.