Naombeni ushauri: gundi gani haiharibu picha za zamani? (albamu ya ukoo)

Mjukuu wa Makambako
Wakuu, habarini. Tuna kikao cha ukoo kijijini tarehe 27 Desemba, watu kama themanini. Kamati imenitwisha albamu ya ukoo eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nina picha 43, cheti cha ndoa cha babu, kipande chake (kadi ya kazi) cha enzi za umanamba, ukibarua wa mashamba ya mkonge, kule Korogwe, na tarehe za ubatizo nilizonakili usharikani. Nabandika kwenye manila nyeusi, pembeni naweka mabaki ya vitenge vya bibi. Gundi gani inafaa? Na je, ni lazima kila picha iingie? Kuna moja sijui niiweke ukurasa gani.

Ngoja Wajuzi
Ngoja wajuzi waje.

Fundi Picha
Mkuu, gundi weka kando kabisa. Kata vipembe vinne vya karatasi, vibandike kwenye manila, halafu picha unaichomeka tu. Siku ikitakiwa, inatoka salama. Selotepu ndiyo mbaya zaidi, inageuka njano na kuacha mafuta. Kabla ya yote, piga kila picha kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye habari.

Mjukuu wa Makambako
Asante. Ila kurasa 19 nimeshabandika kwa ile gundi nyeupe ya maji. Zimekaa vizuri tu.

Fundi Picha
Kwa hiyo umeuliza gundi baada ya kubandika?

Ulanzi Baridi
Manamba! Umenikumbusha mbali. Babu yangu alitoka Songea kwa lori. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana ya jina lenyewe. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, usipokijaza hupati mshahara. Alirudi na baiskeli na Kiswahili cha Tanga mpaka bibi akawa hamwelewi. Na mkonge wenyewe ulikuja na Mjerumani, Hindorf, 1893. Miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62. Hiyo 62 ndiyo iliyowahamisha babu zetu wote.

Mama Vifaranga
Ninyi mnaongea mkonge na mtu amesema kuna picha moja. Mleta uzi, hiyo picha ina nini?

Mjukuu wa Makambako
Ya babu tu, ya studio.

Mama Vifaranga
Babu peke yake?

Mjukuu wa Makambako
Haya. Babu amekaa kitini. Pembeni amesimama mwanamke nisiyemjua, mkono begani kwa babu. Magotini kuna mtoto wa kiume wa kama mwaka mmoja, kofia ya kufuma, na masikio yametoka nje kama ya baba yangu, yaani yale yale. Nyuma imeandikwa kwa biki "Korogwe 1959". Babu alirudi mwaka huo, akamwoa bibi 1960. Kwa hiyo ni mambo ya kabla ya ndoa, sioni kosa liko wapi.

Mama Vifaranga
Na bibi yupo?

Mjukuu wa Makambako
Yupo. Albamu ni zawadi yake. Ndiye ataifungua mbele ya watu.

Bwana Kibiriti
Kumbe babu alijaza siku 30 na usiku 30 😂

Mzee wa Baraza
Kijana, marehemu hajitetei. Mimi kwetu mtu alileta mambo ya namna hii kwenye arobaini, mpaka leo kuna nyumba mbili hazisalimiani. Ichome.

Mjukuu wa Makambako
Kuchoma haiwezekani, mzee wangu. Yule mtoto nimempata. Kuna ndugu yetu alibaki huko Korogwe, alikuwa anajua siku zote. Nimeshamtumia nauli aje kikaoni. Ni damu yetu, hivi mlitaka nimwambie asije?

Mama Vifaranga
Nauli umetuma, picha umebandika. Sisi unatuomba ushauri wa nini sasa?

Chai ya Rangi
Hii ni chai. Picha, masikio, ndugu kapatikana, Desemba imewadia. Andika kilichoko nyuma, neno kwa neno.

Mjukuu wa Makambako
Biki nimeshaitaja. Chini kuna muhuri wa studio: jina limefutika, namba ya sanduku la posta, halafu KOROGWE, TANZANIA.

Chai ya Rangi
Mwaka 1959 palikuwa na Tanganyika. Jina la Tanzania limeanza Oktoba 1964. Ukitunga, soma historia kwanza. Mods, fungeni.

Ulanzi Baridi
Duh. Na mimi nilikuwa nimeanza kulia.

Fundi Picha
Tulieni. Muhuri unapigwa studio siku picha inapotoka. Biki mtu anaweza kuandika hata jana. Huo mwandiko ni wa nani?

Mjukuu wa Makambako
Samahani kwa kupotea siku mbili. Nimelinganisha na barua za zamani. Ni wa shangazi mkubwa, tisa zake zina mkia uliojikunja. Shangazi alizaliwa 1961, maana yake hakuwepo duniani mwaka aliouandika. Baba kabatizwa Pasaka 1963. Na bibi husimulia kwamba baba akiwa mchanga, babu alirudi Korogwe kudai mshahara uliobaki, akakawia. Nimempigia yule mzee, nikamuuliza amezaliwa lini. 1964.

Mama Vifaranga
Mungu wangu. Shangazi umemuuliza?

Mjukuu wa Makambako
Bado. Simu naishika, naiweka. Mzee wa Korogwe tiketi keshakata. Ameniuliza bibi anapenda nini kutoka huko, nikajikuta nimejibu machungwa ya Muheza.

Fundi Picha
Hiyo picha iko wapi sasa hivi?

Mjukuu wa Makambako
Ukurasa wa 20. Nimeichomeka kwa vipembe.

Chai ya Rangi
Mimi bado nasema chai. Ila tarehe 28 usikose kuleta mrejesho.