Mchango wa kompyuta tumelipa, mtoto kajifunza kubofya tu

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo tangu Januari, leo nalitema.

Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya binafsi hapa Dar, jina naliacha. Mwaka huu tumebambikwa mchango wa TEHAMA, 80,000 kwa muhula, eti hisabati na Kiingereza sasa ni kwenye kompyuta. Kikao cha wazazi tukawekewa projekta, watoto wameinamia skrini, tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, sikatai.

Wiki tatu za mwanzo dogo anaamka kabla ya jogoo, viatu kishavaa. Nikajua hela imepata kazi. Kumbe ile hamu ilikuwa ya mashine, hesabu hazimo.

Jumamosi moja nikamkalisha na daftari: 7 mara 8. Kimya. Akaniuliza, "Baba, machaguo yako wapi?"

Machaguo! Nikambana anieleze shuleni wanafanyaje. Programu inatoa majibu manne, ukibofya likakataa unabofya lingine, mpaka ikupe nyota. Wanachagua kwa ana ana ana do. Nyota zikifika 50 unafunguliwa mchezo wa gari. Sasa hebu fikirieni: anayekaa kukokotoa anachelewa, anayebahatisha yuko kwenye gari zamani. Hata yule aliyekuwa na akili ya hesabu anaona ujinga wa kuumiza kichwa. Wangu siku hizi kazi ya kwenye karatasi hagusi, anasema haina nyota.

Na huyo ni aliyebahatika kushika kipanya. Darasa lina watoto 42, kompyuta zinazowaka 14. Mmoja anabofya, wa pili anapiga kelele "hapo, hapo!", wa tatu anahesabu bodaboda dirishani. Binti wa jirani yangu ndiye huyo wa tatu tangu muhula uanze. Umeme ukikatika kipindi kimeishia hapo, maana vitabu vya hisabati wameshavifungia stoo.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. "Mzazi, watoto wana mwamko mkubwa, hata mapumziko hawataki kutoka." Mwalimu, hata ukiwawekea katuni hawatoki! Nikambana zaidi, akaniambia dunia ndiko inakoenda.

Sawa, lakini kuna waliotangulia huko. Peru waligawa kompyuta ndogo kwa malaki ya watoto, wengi wao vijijini kabisa. Mwaka 2012 ikatoka tathmini ya shule 319: kompyuta zilitumika kweli, shuleni na nyumbani, ila alama za hisabati na lugha hazikupanda. Walichopata, tusiwadhulumu, ni nafuu kidogo kwenye majaribio ya kufikiri kwa jumla. Jirani zetu Kenya nao, achana na zile kompyuta mpakato za ahadi ya kampeni ya 2013 zilizokuja kugeuka vishikwambi. Kwenye utafiti wa Kisumu, watafiti walilinganisha shule zilizopewa vishikwambi na vifaa vya kielektroniki vya kusomea na zile zilizopata vitabu na mafunzo ya walimu peke yake. Vifaa havikuvipita vitabu kwa maana yoyote, ila kwa bei vilivipita.

Msinivamie kwamba mimi mshamba. Nafanya kazi ya uhasibu, kompyuta ndiyo inayonilisha. Lakini jedwali la kuzidisha nililikariri kwa kiboko cha mwalimu (sikisifii), na mpaka leo nikiona tarakimu imekaa vibaya kwenye skrini naishtukia. Huyu wangu ataishtukia na nini?

Nataka vitabu vitoke stoo, mtoto akokotoe kwanza kwenye daftari, kompyuta ije baadaye, na huo mchezo wa gari ufutwe.

Wenye watoto shule za namna hii, mlifanyaje? Mliandika barua ya pamoja au mlihamisha? Nijibuni haraka, ankara ya muhula wa pili imeshaingia kwenye simu. Wameongeza na mstari mpya: vipokea sauti, 25,000.