Droo inabalansi kila jioni, ila wateja wa mkopo wanasema walishalipa. Nikague vipi?

Jumla_Mwanga:
Wakuu, mwakeye. Nina duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma. Sukari, mafuta ya kula, sabuni, unga, na nyavu kidogo. Zaidi ya nusu ya mzigo unatoka kwa mkopo, kwa maduka ya Kasulu, Uvinza na Manyovu, na kwa wenye vyombo vya uvuvi pale Katonga na Kibirizi. Pesa inaingia taslimu, kwa lipa namba, au mteja anaweka benki mwenyewe.

Karani ni binti wa dada yangu. Anapokea pesa, anakata stakabadhi, anaandika leja ya wadaiwa (daftari la nani namdai kiasi gani), na kupeleka benki ni yeye. Nikihesabu droo jioni inakubaliana na daftari la fedha bila shida. Sasa juzi nilikuwa Kasulu, mteja akanitolea stakabadhi yetu ya 1,200,000 ya tarehe 3. Kwenye leja malipo hayo yameingia tarehe 21. Na kuna wa Uvinza ambaye leja inasema namdai, yeye anaapa alishamaliza.

Benki wanataka hesabu zilizokaguliwa ndipo wanifikirie mkopo. Nianzie wapi bila kuwasha moto kwenye ukoo?

Kapuku_Mjanja:
Fukuza. Ndugu na pesa wapi na wapi.

Mkaguzi_wa_Reli:
Mkuu usifukuze mtu kwa stakabadhi moja. Ukimwondoa leo, hiyo leja atakuja kukueleza nani?

Droo iache kwanza. Kubalansi kwake kunathibitisha kwamba pesa iliyoandikwa ipo. Ambayo haikuandikwa hutaiona humo hata uhesabu mara kumi.

Fungua daftari la fedha la tarehe 3. Kama ile 1,200,000 imo siku hiyo, na ikaenda benki kesho yake, basi ni uvivu tu wa kuandika leja; mkaripie yaishe. Kama haimo, na droo ilibalansi jioni ile, ujue pesa ilitoka mlangoni. Kilichoingizwa tarehe 21 ni pesa ya mtu mwingine.

Mchezo wenyewe uko hivi. Wa Kasulu analipa 1,200,000, haiandikwi. Siku kadhaa baadaye wa Uvinza analeta 1,500,000. Leja inaonyesha Kasulu kalipa 1,200,000 na Uvinza kalipa 300,000. Uvinza naye anasubiri wa Manyovu alipe ndipo afunikwe. Ni kufukia shimo kwa udongo wa shimo jingine: shimo linahama, haliishi. Ndiyo maana mtu wa namna hii haombi likizo hata akiumwa.

Kwa hiyo mpe likizo, yenye malipo, bila maneno mengi. Akiwa hayupo chukua vitabu vyote vya stakabadhi, pamoja na ambavyo havijatumika, ukague namba zinafuatana. Kisha kila nakala ilinganishe jina, kiasi na tarehe na daftari la fedha, leja, na slipu ya benki. Slipu usiangalie jumla peke yake. Kama siku hiyo stakabadhi zote ni za taslimu na benki zimeingia pesa za hundi au za simu, uliza.

Asali_Unyanyembe:
Niongeze kutoka Tabora. Stetimenti ya lipa namba ni dhahabu. Ina jina la aliyelipa, saa na kiasi, na karani hawezi kuifuta. Iombe kwa kampuni ya simu wewe mwenyewe, usimtume yeye akuprintie. Ukiona mtu kalipa kwa simu tarehe 8 na leja haimtambui hadi mwisho wa mwezi, una karatasi mkononi, si maneno ya mitaani.

Jumla_Mwanga:
Aisee. Likizo hajawahi kuomba kweli, nikawa namsifia kwa dada kwamba mtoto anajituma.

Nikiwaandikia wateja wote barua ya kuthibitisha madeni, si watashtuka waseme duka linafilisika?

Mkaguzi_wa_Reli:
Sema ni kwa ajili ya ukaguzi wa mwaka, wamezoea. La msingi, usiwaandikie "tunakudai kiasi fulani, je, ni kweli?" Wengine watasaini bila kusoma, na unayemdai zaidi ya ulichoandika atakaa kimya akishukuru Mungu. Acha nafasi wazi, wajaze wenyewe wanachodaiwa na tarehe waliyolipa mwisho. Majibu yaende kwa mkaguzi moja kwa moja, yasipite dukani. Asiyejibu afuatwe, na stakabadhi zake ziangaliwe.

Mkaguzi mwenyewe awe amesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), maana benki itamuuliza. Atafanya jambo jingine ambalo watu wengi wanalidharau: madeni ya Desemba 31 atayapima kwa pesa zilizoingia Januari na Februari. Deni lililolipwa kweli baada ya kufunga mwaka halihitaji mjadala mrefu.

Mama_Dagaa:
Kaka Jumla, wenye vyombo usiwachanganye na maduka ya Kasulu. 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Deni la Juni kwa mtu wa Katonga kufika siku 90 halikuwa la ajabu, hakuwa na pa kuvua. Duka la Kasulu likifika siku 90, kuna jambo. Panga madeni kwa umri (siku 30, 60, 90, zaidi), lakini makundi mawili tofauti, la sivyo utamwona mwizi pasipo na mwizi.

Asali_Unyanyembe:
Kweli dada. Huku wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanalipa masoko yakishauza. Kabla ya hapo unadai hewa.

Jumla_Mwanga:
Kuna madeni mawili ya watu waliohama kabisa. Nayafuta tu?

Mkaguzi_wa_Reli:
Usifute kimyakimya, na karani asiwe na ruhusa ya kufuta deni lolote. Hapo ndipo mashimo hufichwa moja kwa moja. Mwenye duka asaini kila deni linalofutwa. Na kama unataka TRA walikubali kama gharama, lazima uonyeshe ulilifuatilia ipasavyo na una sababu ya kuamini halitalipwa. Barua, ujumbe wa simu, maelezo ya serikali ya mtaa, weka faili. Kumbukumbu zote zitunze miaka 5.

Binti akirudi, hata akiwa safi, mgawie kazi upya. Anayepokea pesa asishike leja. Kama huna wa kumwajiri, leja andika wewe usiku.

Jumla_Mwanga:
Leja naichukua kuanzia Jumatatu. Stetimenti nimeshaiomba. Dada nimemwambia binti anakwenda mapumziko Kasulu kwa bibi yake, kafurahi.

Kapuku_Mjanja:
Kasulu? Kule kule kwa mwenye stakabadhi? 😂

Mkaguzi_wa_Reli:
Kapuku leo kasema la maana. Mkuu, barua ya mteja wa Kasulu ipeleke wewe, kabla binti hajapanda basi.