Ngano yangu imebaki majani miezi mitano, munishauri mbegu ya kupanda (Goma / Masisi)

Mwana_wa_Masisi (Goma)
Habari bandugu, naomba munisaidie na musinicheke sana. Niko Goma lakini shamba iko juu kule Masisi, kama mita 2200, wazee walituachia, zamani ilikuwa manyasi ya ngombe. Birai (viazi) imenichosha juu ya mildiu, ule ugonjwa wa kuozesha majani, kila wiki dawa, njo nikasema nijaribu ngano. Yaya yangu, mukubwa wangu mwenye iko Ubelgiji, akanitumia mfuko wa kilo 25, mbegu safi kabisa, kule walimwambia ndiyo yenye inatoa kupita zote. Nikapanda mwezi wa tisa. Ikamea vizuri sana, kijani nzito, majirani banakuja kupiga foto. Mwezi wa kumi na mbili bado majani. Mwezi wa kwanza majani. Mpaka leo hakuna suke hata moja, na wiki iliyopita ngombe za jirani ziliingia zikakula nusu, na mimi sikuwa hata na nguvu ya kugomba.
Niko na shamba ingine ndogo chini, upande wa Sake, kama mita 1500, udongo mweusi wa volkeno. Juu nipande mbegu gani na chini gani? Ile ngano ya zamani ya Lubero bado inafaa?

Kadogo_Birere
Ndugu ulilima pelusi, majani ya uwanja 😂 ita batoto bacheze mupira

Agronomu_wa_kijiji (Bukavu)
Usicheke mwenzako, hii imeshatokea kwa wengi. Ndugu, mbegu haikuwa mbaya, ni ngano ya majira ya baridi. Angalia mfuko vizuri utaona wameandika "hiver", yaani baridi. Wabelgiji wanaipanda mwezi wa kumi, inapitisha baridi kali, majuma sita mpaka manane chini ya nyuzi 10, halafu ndiyo inapata ruhusa ya kutoa suke. Masisi kuna baridi ya kuvaa koti asubuhi lakini saa sita jua linawaka, mmea unaendelea kungoja baridi yenye haitafika. Ungengoja hata mwaka ungepata majani.
Kitu cha pili ni urefu wa mchana. Kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, na ngano nyingi za Ulaya zinangoja mchana mrefu wa mwezi wa sita. Kwa hiyo tafuta ngano ya "printemps", yenye haihitaji baridi, tena yenye haijali urefu wa mchana. Hizo karibu zote zina damu ya Meksiko. Norman Borlaug, mtafiti wa ngano kule Meksiko, alikuwa anapanda msimu mmoja Sonora, kusini kavu na chini, msimu wa pili Toluca, mita 2600, mvua na ugonjwa wa kutu, mwaka huohuo, na mmea wenye haukuvumilia pande zote alikuwa anautupa. Ndiyo maana mbegu zake zilikubali India, Pakistan, mpaka Kenya na Ethiopia. Na ni fupi, hazianguki.

Mwana_wa_Masisi
Aksanti muzee. Kumbe yaya alinitumia mbegu ya kulala. Hapo "kusini" ya Sonora sijaelewa, si iko kaskazini ya Meksiko?

Agronomu_wa_kijiji
Kaskazini, ndiyo, kidole kiliteleza. Unasoma vizuri, utakuwa mkulima.

Kambale_wa_Masereka (Lubero)
Juu ya ile ya Lubero nijibu mimi, sababu kwetu banalimaka ngano tangu wakati wa Wabelgiji. Ile ya wazee imechanganyikana, moja ndefu moja fupi, moja imeiva ingine bado kijani. Haikatai udongo na inatoa kitu hata bila mbolea, lakini ukiiwekea mbolea inarefuka, mvua moja ya nguvu yote imelala chini. Mimi nilipoteza hivyo sezoni moja nzima, nilikuwa nimenunua mifuko miwili ya yurea nikajiona muzungu.
Lakini kitu ya kuogopa ni kutu. Kule juu kwenye baridi itakuja kutu ya manjano, mistari kwenye majani kama cherehani imepita. Chini kwenye joto inakuja kutu ya bua, nyekundu, ukipitisha mkono suruali yote inageuka. Ile mbaya yenye banaita Ug99 ilionekana hapa jirani, Uganda, 1998, na upepo hauombi viza. Kwa hiyo mbegu ikikuwa na sifa usiulize tu inatoa gunia ngapi, uliza ilitoka mwaka gani na inavumilia kutu gani. Waethiopia walipenda mbegu ya Kubsa, 2010 kutu ya manjano ikaipiga, wakakimbilia mbegu ingine, Digelu, 2013 kutu ya bua nayo ikaila. Panda mbili tofauti, hata kama moja unaipenda kuliko.

Agronomu_wa_kijiji
Kambale amesema kweli. Naongeza: tangu 2005 mbegu za nchi nyingi zinapelekwa Njoro, Kenya, zinapandwa katikati ya Ug99 makusudi waone zipi zinabaki. Mbegu yenye ilipita huko ndiyo ya kutafuta, na mfuko uwe na lebo ya SENASEM, ofisi ya serikali ya mbegu, siyo ile ya kupimiwa na kopo sokoni.

Nabintu_Walungu
Kwetu Walungu shida ni udongo. Ule tunaita kalongo, mwekundu, umechoka, una asidi, alumini inachoma mizizi inabaki mifupi kama brosi. Ngano ya kawaida pale inakuwa njano na fupi hata mvua ikiwa nzuri. Mutu wa kalongo aweke chokaa ao apande tritikale, ile mtoto wa ngano na rai (nafaka ndugu ya ngano), yenyewe inavumilia. Wewe wa volkeno hauna hiyo shida, lakini udongo ule unakamata fosfori haurudishi, weka DAP, mbolea yenye fosfori, karibu na mbegu kwenye mstari, usimwage juu.

Lushois_243 (Lubumbashi)
Sisi huku tuko mita 1200 na kitu, ngano ya mvua tunaiacha. Inapandwa mwezi wa tano na maji ya kumwagilia, inakula baridi ya mwezi wa sita na wa saba, inavunwa mbele mvua haijarudi. Wazambia banafanyaka vile. Wenye walijaribu kwa mvua kule Zambia, 2018 walikuta blasti, ugonjwa wa kuvu, suke linakuwa jeupe tupu ndani. Kwa hiyo ile shamba yako ya Sake, mita 1500, joto na mvua pamoja, mimi ningeacha ngano. Weka maharagi.

Mama_wa_Furnee (Goma)
Nyinyi munazungumza shamba tu, mwenye kununua ni mimi, muoka mukate. Mukate unataka ngano ngumu, yenye protini 11, 12 kwenda juu. Ile laini ni ya biskwi na mandazi, mukate wake haupandi. Na mutu asiniletee ngano yenye ililowa ikaanza kuota kwenye suke, ndani ya mukate inabaki gundi, kisu inakamata. Nilishanunua gunia tatu za hivyo, nilikula hasara na wateja walinitukana. Banasema ya punje nyekundu inachelewa kuota kuliko nyeupe.

Agronomu_wa_kijiji
Ni kweli, nyekundu inalala zaidi. Ndiyo maana hesabu kurudi nyuma toka kiangazi: kule mita 2200 inachukua miezi minne na kitu, ukipanda kati ya mwezi wa pili na mwanzo wa wa tatu unavuna kiangazi kimeshaanza. Mistari ya sentimita 20, kilo 100 mpaka 125 kwa ektari. Yenye ndevu, ndege wanaikimbia kidogo. Na ngano inajichavusha yenyewe, mbegu haichanganyiki haraka, mwaka wa kwanza ukipata nzuri chagua masuke, weka mbegu yako misimu mitatu hivi.

Mwana_wa_Masisi
Aksanti sana bote. Nimeamua hivi: Sake maharagi. Juu nalima ile nusu yenye ngombe walikula, ngano mbili fupi zenye punje nyekundu, na vipande vitatu vidogo vya ile ya Lubero nione mwenyewe. Kambale nitakuandikia inbox juu ya mbegu. Mama wa Furnee, gunia ya kwanza nakuletea uijaribu mbele ya kupanga bei.

Mama_wa_Furnee
Lete ikiwa kavu.

Kadogo_Birere
Na ile nusu yenye imebaki? Jirani yangu iko na mbuzi kumi na moja 😂