Tupeane uzoefu: Maonyesho ya sanaa na shughuli zake kwa umma, Dodoma na Kanda ya Kati

Mwanzisha mada, Dodoma Mjini

Wadau, habari za saa hizi. Ninaomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu maonyesho ya sanaa tuliyowahi kuyahudhuria au kuyaandaa, hasa yale yaliyoambatana na warsha za watoto, mazungumzo na wasanii au matembezi yenye mwongozaji. Mji wetu umejaa kumbi za mikutano, lakini mzazi anayetaka kumwonesha mwanawe kazi ya msanii aliye hai mara nyingi husubiri Nane Nane pale Nzuguni, kisha apenye katikati ya matrekta na mbegu bora za mahindi hadi aipate meza yenye michoro.

Naanza mimi. Maonyesho niliyohudhuria karibuni yalifanyika katika ukumbi mmoja wa hapa mjini. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba zikala asubuhi yote, utepe ukakatwa, na mara baada ya chakula cha mchana picha zikaanza kushushwa kwa sababu jioni ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa sendofu. Wachoraji walikuwepo muda wote, lakini ratiba haikuwa na hata dakika moja ya kuwauliza swali. Kwa hiyo msinieleze tu kilichotundikwa ukutani. Nielezeni watu walipewa nafasi ya kufanya nini walipofika.

Mwalimu wa sekondari, Kondoa

Nawasalimu nyote. Sisi huku tuna maonyesho ambayo hayajawahi kushushwa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, imetawanyika katika mapango na miamba zaidi ya 150, ndani ya eneo la kilomita za mraba 2,336. Najua mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya kale na mada inahusu sanaa ya leo, lakini namna ya kuipokea hadhira niliyoiona pale sijaiona kwenye ukumbi wowote wenye viyoyozi.

Huwa ninawapeleka wanafunzi Kolo. Mwongozaji mmoja tuliyebahatika kumpata hasemi chochote mpaka watoto waseme kwanza. Aliwasimamisha mbele ya picha nyekundu ya watu watano, warefu na wembamba kama fito, ambamo yule wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili, akauliza tu, "Hapa kuna nini?" Mmoja alisema ni harusi. Mwingine akasema ni ugomvi wa kugombea mwanamke. Binti mmoja, ambaye darasani ni nadra kusikia sauti yake, akasema wanamshika mgonjwa asianguke. Hapo ndipo mwongozaji alipoeleza kwamba Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyenakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, aliiona picha hiyo kuwa ya utekaji, na kwamba watafiti wa baadaye wameihusisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambayo mchezaji wake hupandwa na kupagawa, jambo ambalo halikuwa mbali na jibu la yule binti. Wakati wa kushuka kilimani, binti huyo ndiye aliyetangulia mbele ya wenzake.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo bado yanafanyika matambiko ya kuomba mvua na ya uponyaji, na katika baadhi yake pombe ya mtama hurushwa kwenye mwamba, hali inayoharibu michoro. Mhifadhi ana hoja, maana rangi ikishatoka haitarudi. Wanaotambika nao wana hoja, kwa kuwa mahali hapo ni pao, na mgeni mwenye kamera amewakuta. Niliwaachia wanafunzi wajadiliane wenyewe, wakabishana ndani ya basi mpaka tukaingia mjini bila kuafikiana, na sikuona haja ya kuwaamulia.

Mwenyeji wa Singida

Mwalimu, ahsante sana. Mimi nilikuwa London mwaka 2010, wakati msanii Ai Weiwei wa China alipomwaga zaidi ya mbegu milioni 100 za alizeti katika ukumbi mkubwa wa jumba la Tate Modern, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme. Fikirini mtoto wa Singida amesafiri mpaka Ulaya kwenda kuoneshwa alizeti! Ukisogea karibu unagundua kwamba kila mbegu ni ya kauri, imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen. Nia ilikuwa watu watembee juu yake, lakini baada ya muda mfupi vumbi lilionekana kuwa hatari kwa afya, na nilipofika watu walikuwa wamezuiwa, wakichuchumaa pembeni. Kilichonivutia kuliko mbegu zenyewe ni vibanda ambamo mgeni yeyote aliweza kurekodi swali lake kwa msanii kwa njia ya video.

Niliporudi nyumbani niliwasimulia walimu wa shule moja ya msingi, nao wakaomba udongo kwa akina mama wafinyanzi. Watoto walifinyanga mbegu, wakazianika juani, kisha wakazichora mistari kwa chokaa na masizi. Siku ya kufunga shule zilimwagwa kwenye turubai, wazazi wakazizunguka, na haukupita muda wakaanza kulalamikia bei ya alizeti msimu ule na mashudu wanayopunjwa mashineni. Mwalimu mkuu alitaka kuwarudisha kwenye mada; nikamwomba awaache, kwa sababu walikuwa kwenye mada kabisa.

Mchongaji, Chang'ombe

Mnasimulia vizuri, lakini nani anamlipa msanii? Niliwahi kualikwa na waandaaji fulani niwafundishe watoto kuchonga, na nilipouliza malipo nikajibiwa kwamba nitajulikana. Mbao zilikuwa zangu, patasi zangu, na bajaji nililipa mwenyewe.

Mama wa Kikuyu, Dodoma

Kaka Mchongaji, pole, na una haki ya kusema. Ndiyo maana niliwapeleka vijana wetu wa kikundi Dar es Salaam kwa treni ya SGR, wakaone Nafasi Art Space pale Mikocheni, kituo kilichoanza mwaka 2008, ambako wasanii wana karakana zao ndani ya makontena. Walimkuta mchoraji akikwangua kazi aliyokuwa karibu kuimaliza, na kijana wetu mmoja, fundi wa kupaka rangi magari, akamwuliza kwa nini hakuipiga msasa kwanza. Walizungumza juu ya rangi kwa muda mrefu mpaka mimi nikatafuta kiti.

Kuhusu jengo la kuoneshea sanaa, nawakumbusha kwamba Cape Town waligeuza maghala ya nafaka ya miaka ya 1920 kuwa jumba la sanaa ya kisasa, Zeitz MOCAA, lililofunguliwa mwaka 2017, kwa kukata ukumbi ndani ya mitungi mirefu ya zege. Sisi wenye soko la nafaka la Kibaigwa tunayajua maghala. (Simwombi mtu aguse akiba ya chakula ya taifa.) Hata hivyo, kabla ya ghala ningeanza na bajeti ya kumlipa kaka yetu siku yake ya kazi.

Mwanzisha mada

Nimekuelewa, mama. Tunaandaa maonyesho madogo, na nimeshaomba fungu la hotuba na maturubai lipunguzwe ili wawezeshaji walipwe. Mwalimu, tukitaka kuja Kolo na watoto, tujiandae vipi?

Mwalimu wa sekondari, Kondoa

Njooni wakati wa kiangazi. Ofisi iko Kolo, kaskazini ya Kondoa Mjini, kwenye barabara iendayo Babati, na mwongozaji anapatikana hapo. Watoto wavae viatu vya kufunga, wabebe maji ya kunywa, na waonywe mapema kwamba hairuhusiwi kuzilowesha picha ili zing'ae kwenye simu.