Jhulan Goswami alidumuje miaka 20 akirusha mpira wa kasi kwenye kriketi?

Mama Zuu: Wakuu, habari za saa hizi. Binti yangu anarusha mpira wa kasi, magoti hayaishi kumuuma, na hasikii la mtu ila Jhulan Goswami wa India. Huyu dada alidumuje toka 2002 hadi 2022?

Ova ya Mwisho: Urefu ulimsaidia, mama. Halafu hakutegemea kasi tupu: alilenga palepale, mpira baada ya mpira, mpaka mpigaji akakosea mwenyewe. Wiketi 255, yaani wapigaji aliowatoa, kwenye mechi za siku moja! Na alianzia mbali, treni ya alfajiri kutoka Chakdaha kwenda mazoezini Kolkata. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ya 1997 pale uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, alikuwa muokota mipira tu.

Mzee wa Nguzo Tatu: Kombe la Dunia lakini hakulipata. Fainali ya 2017 pale uwanja wa Lord's, London, alichukua wiketi 3 na kuruhusu mikimbio (yaani pointi) 23 tu, bado Uingereza wakashinda kwa mikimbio 9. Mimi sijasahau.

Mama Zuu: 2025 India walipolibeba si walimpa alishike? Alilia yule! Haya, magoti je?

Ova ya Mwisho: Apunguze ova (zile zamu za kurusha mipira sita) kwanza, mama, na aonwe na daktari wa mifupa.