Naomba ushauri: siku moja Florence na mama anayesumbuliwa na magoti

Kijana_wa_Kibosho (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi nasoma Bologna, hapa Italia, mwaka wa pili. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Moshi, na ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, hasa kwenye ngazi.

Nataka kumpeleka Florence Jumatatu ijayo, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kubwa analolitaka ni sanamu ya Daudi aliyoichonga Michelangelo. Amefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na kisa cha Daudi na Goliathi ndicho alichopenda kuwasimulia watoto kuliko vyote. Mimi nimeorodhesha hivi: Daudi, kanisa kuu na kupanda kuba lake, makumbusho ya Uffizi, daraja la Ponte Vecchio, kanisa la Santa Croce, jumba la Palazzo Pitti, halafu machweo kwenye uwanja wa Piazzale Michelangelo. Je, inawezekana? Nawasilisha.

DadaMilano
Mdogo wangu, kabla ya yote badilisha siku. Jumatatu makumbusho ya Accademia, alipo Daudi, inafungwa, na Uffizi pia inafungwa. Ungemfikisha mama mlangoni ukute pamefungwa. Nenda katikati ya wiki. Usishawishike na Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa sababu kiingilio ni bure, foleni yake si ya mtu mwenye magoti mabovu. Kata tiketi ya Accademia mtandaoni mapema, ina saa maalumu ya kuingia. Chagua saa za asubuhi.

Mwashi
Mtoa mada, kuba lifute kwenye orodha. Ni ngazi 463, hakuna lifti, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mtu akichoka katikati anawazuia wote walio nyuma yake. Mnara wa Giotto pembeni nao una ngazi 414.

Ila usimpitishe mama hapo kama mtu anayepita sokoni. Mimi ni fundi ujenzi, nilisimama chini ya lile kuba nikasahau njaa. Kanisa lilianza kujengwa 1296, kuta zikapanda, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua pengo la juu litafunikwaje. Lina upana wa mita 45 hivi. Mbunifu Brunelleschi akaanza 1420, akamaliza 1436, bila mbao za kushikilia kuanzia chini. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali akayapanga mengine yamelazwa, mengine yamesimamishwa katikati yake, ili kila kozi ijifunge yenyewe isiteleze kabla chokaa haijakauka. Yako zaidi ya milioni nne. Kuingia kanisani chini ni bure, kuna foleni tu. Mama avae nguo ya kufunika magoti na mabega, au abebe khanga.

Mpenda_Picha
Naheshimu maoni ya wote, lakini kwenda Florence bila Uffizi inaniuma. Wachoraji wakubwa wote: Botticelli yupo pale, Leonardo yupo, Caravaggio yupo. Na vipo kwa sababu ya mwanamke mmoja, Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici uliotawala mji huo, aliyeweka mkataba mwaka 1737 kwamba hazina za ukoo wake zisitolewe nje ya mji. Bila yeye zingetawanyika.

DadaMilano
@Mpenda_Picha nakubali thamani yake, ila Uffizi ni vyumba na vyumba. Kijana anaweza kurudi peke yake wakati wowote, anakaa jirani. Siku hii ni ya mama. Kama nguvu zitabaki, mpeleke makumbusho ya Bargello badala yake. Kuna Daudi wa mchongaji Donatello, wa shaba, kichwa cha Goliathi kiko chini ya mguu wake. Kuna na Daudi wa Verrocchio. Kwa mwalimu wa kisa hicho, ni zawadi kubwa. Angalia tu saa za kufungwa.

Na jambo moja la heshima: mwambie mapema kwamba baadhi ya sanamu zile ziko uchi. Mama zetu wasishtukizwe.

Mla_Supu
Chakula: tafuta kibanda kinachouza lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa kwenye supu, linakatwakatwa na kuwekwa kwenye mkate na mchuzi wa kijani. Mama wa Moshi hatalikataa. Mkate wa kule wa kawaida hauna chumvi, usidhani wamesahau. Kahawa kunyweni mmesimama kaunta, mkikaa mezani bei inapanda. Lakini kwa ajili ya magoti, mara moja lipa ukae.

Mwana_Tanga
Piazzale Michelangelo pandeni kwa basi au teksi, msitembee, ni mlima. Ponte Vecchio mwonyeshe kwa mbali pia, ni la 1345, na mwaka 1944 Wajerumani wakirudi nyuma walilipua madaraja mengine yote ya mjini wakaliacha hilo.

Kijana_wa_Kibosho (mtoa mada)
MREJESHO. Asanteni sana, tulienda Alhamisi. Nilifuta Uffizi, Pitti, Santa Croce na kuba.

Ukiingia Accademia unapita kwanza kati ya sanamu za Wafungwa, ambazo Michelangelo hakuzimaliza, watu wamekwama nusu ndani ya jiwe. Mama alisimama kwa kila mmoja. Kwa Daudi tulikaa karibu saa nzima. Nilimweleza kwamba lile jiwe la marumaru wachongaji wengine walilianza wakaliacha, likakaa miaka mingi, mpaka Michelangelo akalichukua 1501 akiwa na miaka 26. Akaniuliza, "Goliathi yuko wapi?" Nikamwambia hayupo, huyu bado hajarusha. Akamtazama usoni tena, ile mikunjo ya paji, kombeo begani. Akasema miaka yote aliwafundisha watoto kwamba Daudi hakuogopa, na sasa anaona angewafundisha tofauti.

Bargello tulichelewa, ikabaki. Lampredotto alikula mbili. Machweo tuliyaona, kuba likageuka rangi ya tofali lililotoka tanuruni.

Kwenye treni aliniomba nimchapishie picha moja ya kupeleka nyumbani. Si ya sanamu nzima. Mkono wa kulia tu, ule uliolishika jiwe, awapelekee watoto wa Jumapili.